Plagini za kurekodi muziki nyumbani: maswali ninayoulizwa hapa Tanga

Narekodi muziki kwenye chumba kimoja cha nyumba ya familia, Ngamiani. Wanakuja vijana wa singeli na Bongo Fleva, wanakuja akina mama wa kasida na madufu yao, mara moja moja inakuja kwaya. Wakishamaliza, wale wenye laptopu zao hubaki kuuliza, na kwa miaka sasa maswali ni yale yale. Nimeyaandika pamoja na majibu ninayowapa, ili aliyeko Pongwe, Muheza au Pangani asipande gari kuja kuuliza jambo la dakika mbili.

Plagini ni kitu gani hasa?

Ni programu inayoishi ndani ya programu kubwa ya kurekodia, kama FL Studio, Cubase au REAPER. Zipo za namna mbili. Kuna plagini za ala: kinanda, besi, ngoma, vinubi, unabonyeza kibodi, yenyewe inatoa sauti. Halafu kuna zinazopokea sauti iliyokwisha kurekodiwa na kuifanyia kazi: ikwalaiza ya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu, kompresa ya kusawazisha pale mwimbaji anaponong'ona na pale anapopaza, rivabu ya kumpa ukumbi mtu aliyeimba chumbani, dilei ya mwangwi, otochuni ya kurekebisha noti.

Mfumo ulioenea kuliko yote ni VST. Ulianzishwa mwaka 1996 na Steinberg, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza Cubase. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kabati zima la mashine ikaanza kufanywa na kompyuta ya kawaida ya mezani, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipopata njia ya kuwa na studio nyumbani.

Naona VST, VST3, AU, AAX, CLAP. Nichukue ipi?

Kama unatumia Windows, chukua VST3. Ilitoka mwaka 2008, na tangu 2018 Steinberg walisimamisha kuwapa watengenezaji wapya vifaa vya VST ya zamani. AU ni ya kompyuta za Apple. Ukitumia Logic au GarageBand huna chaguo jingine. AAX ni ya Pro Tools, programu nyingine ya kurekodia. CLAP ilitoka 2022, imetengenezwa na kampuni za u-he na Bitwig, ni nzuri, lakini bado si programu zote zinaipokea.

Unapoinstoli, dirisha litakuja na tiki kwenye aina zote. Ziondoe, bakisha moja tu. Nimefungua laptopu za vijana nikakuta plagini moja imejirudia mara tatu kwenye orodha, na mwenyewe hajui projekti zake zinatumia ipi kati ya hizo tatu.

Kaka, laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Naweza kuanza?

Anza. Ila ujue nini kinakula nini.

Plagini za kuchakata sauti, kama ikwalaiza na kompresa, zinakula prosesa, tena kidogo. Sinthesaiza, yaani ala zinazozalisha sauti kwa hesabu badala ya rekodi, zinakula prosesa zaidi, hasa ukipiga kodi za noti nyingi. Ala zilizorekodiwa, yaani violini halisi, piano halisi, zinakula RAM, kwa sababu zinapakia sauti zenyewe kwenye kumbukumbu. Piano moja kubwa inaweza kumaliza nusu ya RAM yako kabla hujapiga noti. Kwa hiyo mwenye GB 4 achague sinthesaiza na ala ndogondogo, aachane na maktaba za orkestra mpaka atakapoongeza RAM.

Jambo la pili ni kugeuza treki, yaani mstari mmoja wa ala au wa mwimbaji ndani ya wimbo, kuwa faili la sauti. Ukishamaliza kupanga kinanda chako na umeridhika nacho, kigeuze kiwe faili la sauti la WAV, kisha zima plagini. Kinanda kitasikika vile vile, na prosesa itapumua. REAPER na Cubase zina amri ya kugandisha treki inayofanya hivyo kwa mbofyo mmoja na kukuruhusu kurudi nyuma ukibadili mawazo. Nimemaliza wimbo wa treki 40 kwenye laptopu ya zamani kwa njia hii, nikigandisha treki tano, nafungua moja, nagandisha tena.

La tatu linatuhusu sana sisi wa pwani. Joto. Prosesa ikipata moto sana hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, projekti iliyokuwa ikicheza vizuri asubuhi inaanza kukwama saa nane mchana, na mtu analaumu plagini. Iinue laptopu, iweke juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, usiiweke juu ya godoro, na mpelekee fundi akuondolee vumbi angalau mara moja kwa mwaka. Vumbi la hapa lina unyevu wa bahari. Linaganda kwenye feni kama unga wa dona.

Nikiimba najisikia nimechelewa kwenye hedifoni. Tatizo ni maiki?

Si maiki. Ni bafa. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone. Inakusanya kwanza fungu, inalichakata, ndipo inalitoa. Ukubwa wa fungu hilo ndio bafa. Kwa kiwango cha 44,100, yaani vipimo vya sauti kwa kila sekunde, bafa ya 256 ni karibu milisekunde 6 na huwezi kuisikia. Bafa ya 1024 ni milisekunde 23, na ukijumlisha safari ya kuingia na ya kutoka, mwimbaji anayumba.

Kwa hiyo unaporekodi weka 128 au 256, unapomiksi weka 1024 ili prosesa ipate nafasi. Tumia draiva ya ASIO, ile ya kupunguza uchelewaji, ya saundikadi yako, yaani kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta. Kama huna saundikadi, ASIO4ALL ni ya bure na inasaidia.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Baadhi ya plagini zina uchelewaji wake zenyewe, hasa limita, inayozuia sauti isivuke kiwango, na ikwalaiza za kisasa zinazotazama mbele. Programu hufidia wakati wa kucheza wimbo, lakini wakati wa kurekodi uchelewaji huo unamfikia mwimbaji. Rekodi kwanza, limita ya masta, yaani ya wimbo mzima uliokwisha changanywa, iwashe baadaye.

Unatumia plagini ngapi?

Kumi na mbili, pamoja na zilizokuja na programu yenyewe. Nilipoanza nilikuwa na zaidi ya mia tatu, na nyimbo za wakati ule sizipendi kuzisikiliza. Nilikuwa natumia jioni nzima kujaribu kompresa tisa kwenye sauti moja, na mwisho wa jioni masikio yamechoka, sijui tena mwimbaji anasikikaje.

Nakuambia kitu ninachokiamini kwa dhati: ikwalaiza moja unayoifahamu mpaka unajua mkono uende wapi kabla hujatazama, itakufanyia kazi kuliko ishirini ulizozisikia mtandaoni. Tanga hii ndiyo ya bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndiyo ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, walioipa taarabu gitaa na mwendo wa kuchezeka. Walirekodi miaka mingi kabla plagini ya kwanza haijabuniwa, na gitaa zile bado zinasikika safi.

Basi nitajie za kuanzia, za bure.

Kwanza tazama ulichonacho. REAPER inakuja na ReaEQ, ReaComp, ReaDelay na ReaTune. Muonekano wake ni mkavu, kazi yake ni ya kweli. FL Studio inakuja na Parametric EQ 2, ambayo sioni sababu ya mtu kuikimbia. Kaa na hizo miezi mitatu.

Ukitaka kuongeza: TDR Nova ya Tokyo Dawn ni ikwalaiza inayobana masafa pale tu yanapozidi, kwa hiyo naitumia kwenye sauti za akina mama zinazokwaruza zikipanda juu. Valhalla Supermassive ni rivabu na dilei kubwa mno, hukaa vizuri nyuma ya kasida ukiiweka kwa mbali. Kwa sinthesaiza, Surge XT ni ya bure kabisa na Vital ina toleo la bure. Dexed inaiga kinanda cha Yamaha DX7 cha mwaka 1983, na ukitafuta ile piano ya umeme ya nyimbo za miaka ya themanini, imo humo. SPAN ya Voxengo inakuonyesha masafa kwa macho. Youlean Loudness Meter inapima ukubwa wa sauti. MAutoPitch ya MeldaProduction ni otochuni.

Inatosha. Zote zipakue kwenye tovuti za wenyewe, si kwenye tovuti za watu wa kati zinazokusanya kila kitu.

Nitajuaje kama plagini mpya ni bora kuliko niliyonayo?

Sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Sikio la binadamu hupenda kilicho kikubwa. Plagini nyingi, ukiziwasha tu, huongeza desibeli moja au mbili, na wewe unasema "aah, hii ndiyo yenyewe". Punguza kitufe chake cha kutolea mpaka ikiwashwa na ikizimwa iwe sawa. Halafu fumba macho, bofya kuwasha na kuzima mara nyingi haraka mpaka usahau iko upande gani, na sikiliza. Ukishindwa kuitambua, huihitaji.

Mimi huongeza jaribio moja. Naupeleka wimbo kwa dereva wa bajaji wa pale kijiweni, mwenye sabufa nyuma ya kiti, nampa flashi yenye matoleo mawili bila kumwambia lipi ni lipi. Hajui kompresa ni nini, lakini anajua maneno ya mwimbaji yamezama au hayajazama.

Niweke otochuni kwenye kasida na taarabu?

Hili swali nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake limo kwenye muziki wetu wenyewe.

Otochuni ilitoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyechakata mawimbi ya ardhini kutafutia mafuta, na hesabu zilezile akazihamishia kwenye sauti ya mtu. Kazi yake ni rahisi kuielewa: inasikia noti uliyoimba, inatafuta noti ya kinanda iliyo karibu, inakusogeza hapo. Kinanda kimegawa oktava kwenye vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande senti 100; senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti.

Sasa mchukue bibi aliyejifunza kusoma kwa mahadhi ya Kiarabu tangu yuko madrasa. Akiimba kwa maqam ya Rast, mpangilio mmojawapo wa noti za Kiarabu, noti yake ya tatu haiko kwenye senti 300 wala 400; iko takriban katikati ya hizo mbili. Hajakosea. Hapo ndipo noti inapokaa. Ukimwekea otochuni ya kasi, itamvuta juu au chini, na kile kilichowafanya watu wainamishe vichwa kinapotea. Niliwahi kufanya kosa hili. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni taratibu akasema, "Mwanangu, huyu anayeimba ni nani?" Nilifuta otochuni mbele yake, tukasikiliza tena, ndipo akatabasamu.

Hali ni hiyo hiyo kwa ilimba na zeze za Wagogo, zile alizozipiga marehemu Hukwe Zawose pale Bagamoyo. Mpangilio wa noti zake si wa kinanda, na kuulazimisha ni kuuharibu.

Basi fanya hivi. Usiweke otochuni kwenye treki nzima. Sikiliza, tafuta neno moja au mawili ambayo mwimbaji mwenyewe anakubali kuwa yameteleza, yakate yawe kipande chake, weka urekebishaji wa polepole hapo tu. Na mara nyingi ni rahisi zaidi kumwomba aurudie mstari.

Kwa Bongo Fleva na singeli, ile sauti ya kukatika inayotakiwa kwa makusudi, weka kasi mpaka mwisho, chagua ufunguo sahihi wa wimbo. Asilimia kubwa ya "otochuni yangu ni mbaya" ninazoletewa ni ufunguo uliowekwa vibaya.

Plagini za kreki zina ubaya gani? Kila mtu anatumia.

Ni zile za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Nimezitumia, kwa hiyo nasema ninachokijua. Rafiki alinipa flashi yenye plagini mia na kitu. Maelekezo yake yalianza na "zima antivairasi". Nikazima. Wiki mbili zilipita vizuri. Siku moja nikafungua laptopu asubuhi, kila faili limebadilika jina, na kuna barua ya Kiingereza inadai dola ili nirudishiwe. Ndani ya laptopu ile mlikuwa na albamu nzima ya kikundi cha kasida, kazi ya miezi miwili. Wanakikundi wengine walirudi kurekodi. Lakini aliyeimba ubeti wa kwanza alikuwa ameshahamia Pemba kwa mumewe, na ile sauti sikuipata tena.

Kuna mengine pia. Plagini ya kreki huanguka katikati ya kazi na huna wa kumuuliza. Ukiisasisha, inakufa, na projekti zote zilizoitumia zinafunguka na mashimo. Na aliyeitengeneza ni fundi kama wewe. Sisi hapa tunalia nyimbo zetu zikisambazwa kwa flashi bila malipo. Siwezi kulia kwa upande huo na kuchukua kwa upande huu.

Nikitaka kununua, nalipaje? Na nianze na ipi?

Huduma za pesa za simu zinatoa kadi za mtandaoni. Unaweka shilingi, unalipa dola. Angalia kwanza kiwango cha kubadilishia fedha. Usiwe na haraka: bei za plagini huanguka sana mwezi wa Novemba, kwa nyingine hata zaidi ya nusu.

Ningeanza kwa kununua programu yenyewe kabla ya plagini yoyote. REAPER ni dola 60 kwa matumizi binafsi au biashara yenye mapato madogo, na unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Ukichagua FL Studio, ukinunua mara moja unapata matoleo yajayo bila kulipa tena, ila toleo la chini kabisa la Fruity halirekodi sauti ya maiki. Mwenye waimbaji achukue la Producer. Na toleo lake la majaribio linakuruhusu kuhifadhi projekti lakini si kuifungua tena, jambo ambalo limewaliza vijana wengi usiku wa kwanza.

Kabla hujalipa plagini yoyote, uliza: inahitaji intaneti kila inapofunguka? Zipo za hivyo, na bando likiisha umefungiwa nje ya wimbo wako. Mimi hizo sinunui.

Nimeinstoli lakini haionekani kwenye orodha.

Kwenye Windows, VST3 zote zinatakiwa ziwe ndani ya C:\Program Files\Common Files\VST3. Kwenye Mac ni /Library/Audio/Plug-Ins/VST3. Hakikisha ipo humo, kisha iambie programu itafute upya. Kama bado, huenda ni plagini ya biti 32 kwenye programu ya biti 64; hizo hazielewani bila daraja. Au ilianguka mara ya kwanza ilipokaguliwa na programu ikaiweka kwenye orodha ya zilizozuiwa. Ifute kwenye orodha hiyo, tafuta tena.

Projekti ya miaka mitatu nyuma inafunguka nusu. Nimekosea wapi?

Ulihifadhi maelekezo, hukuhifadhi sauti. Faili la projekti linasema tu "hapa palikuwa na sinthesaiza fulani, vitufe vyake viko hivi". Plagini isipokuwepo, au ikiwa ya toleo jingine, hakuna kitakachosikika.

Tangu nilipopoteza kazi ile ya kasida nina utaratibu ambao siuvunji. Wimbo ukiisha, kila treki naitoa kuwa WAV ya biti 24, zote zikianzia sekunde sifuri, mara mbili: moja ikiwa na plagini, moja ikiwa kavu. Dakika moja ya treki ya mono kwa 44,100 ni karibu MB 8, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye treki 20 ni kama MB 640 kwa kila seti. Naziweka kwenye diski mbili za nje, na moja inalala nyumbani kwa dada yangu, Raskazone. WAV itafunguka kwenye programu yoyote, hata kama plagini zote za leo zimekufa.

Pia nina daftari la karatasi. Kila plagini ina mstari wake: jina, toleo, barua pepe niliyojisajilia, namba ya leseni, na folda ya diski yenye faili lake la kuinstolia. Faili la kuinstolia usilifute kamwe. Siku utakayobadilisha laptopu utanishukuru, maana hutapakua upya kwa bando.

Na usisasishe plagini katikati ya kazi. Maliza wimbo, utoe, ndipo usasishe.

Kuna plagini ya kuondoa kelele ya feni na ya mvua?

Feni, kwa kiasi. ReaFir, inayokuja na REAPER, inaweza kujifunza sura ya mvumo kutoka kwenye sekunde mbili za ukimya na kuupunguza. Rekodi huo ukimya kabla mwimbaji hajaanza. Ukibana sana, sauti ya mtu inaanza kubwabwaja kama iko ndani ya maji, basi rudi nyuma kidogo. Mvumo wa friji na umeme uko Hz 50, na ndugu zake 100, 150 na 200. Ikwalaiza nyembamba kwenye namba hizo inautuliza bila kumgusa mwimbaji.

Mvua ya masika juu ya bati, hapana. Inajaza masafa yote ambayo sauti ya mtu inayatumia. Tunakunywa chai, tunasubiri. Vivyo hivyo wakati wa adhana: tunaacha, tunaswali, tunarudi.

Natafuta plagini yenye dufu. Sizipati.

Tengeneza yako. Ni kazi ya jioni moja na itakufaa miaka.

Azima dufu lenye ngozi iliyokazwa vizuri. Kama hewa ina unyevu, lipashe moto kidogo juani au kwenye mkaa kwa mbali, kama wapigaji wenyewe wanavyofanya. Weka maiki umbali wa urefu wa mkono, pembeni kidogo, si mbele ya ngozi kabisa. Mwombe mpigaji apige katikati kwa nguvu tano tofauti, kuanzia ya kugusa tu hadi ya kishindo, na kila nguvu airudie mara nne. Rudia hivyo kwa pigo la ukingoni. Una mapigo 40. Yakate, kila moja lianze palepale linapogonga.

Sasa yapakie kwenye sforzando ya Plogue, ambayo ni ya bure. Inasoma mafaili ya SFZ, na SFZ ni maandishi matupu unayoweza kuyaandika kwenye Notepad: unataja faili la sauti, noti ya kibodi, na kiwango cha nguvu kuanzia 1 hadi 127. Yale marudio manne yapange yapokezane. Hapo ndipo siri ilipo: mkono wa mtu haupigi mara mbili sawasawa, na plagini inayorudia pigo lile lile inasikika kama cherehani.

Langu nililirekodi kwa mzee mmoja wa Makorora. Alinifanya nirudie mapigo ya ukingoni yote kwa sababu, alisema, nilimpa kiti kirefu na mkono haukukaa. Ukisikiliza ya kwanza na ya pili, alikuwa na haki.

Masta iwe kubwa kiasi gani?

Spotify husawazisha nyimbo kuelekea LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na YouTube hupunguza zilizozidi. Kwa hiyo kuiponda limita mpaka wimbo uwe gogo hakukupi ukubwa, kunakuondolea pumzi tu. Ila singeli ya kupigwa kwenye vigodoro ni habari nyingine. Naifanya nzito zaidi, toleo la pekee.

Angalia besi kwenye simu. Spika ya simu haitoi Hz 50. Sachuresheni kidogo, yaani kuikwaruza sauti kwa makusudi, kwenye treki ya besi inazalisha 100, 150 na 200, na sikio linaijua noti kutokana na hizo.

Naweza kuja na laptopu uniwekee plagini zako zote?

Zangu za kulipia, hapana, leseni ni yangu. Za bure ninazo zote kwenye diski na nitakupa, pamoja na mapigo ya dufu. Njoo baada ya Alasiri siku za kazi, uje na hedifoni unazozizoea na wimbo mmoja ambao haujaisha. Tutafunga plagini zote zilizomo, tutafungua moja moja, na utaniambia kila moja uliiweka kwa ajili gani.